Tino au Samatta?

Mwanangu,

Hujambo huko? Sisi wazima, ila mjomba wako na goti lake ni yale yale. Umeniuliza kati ya Peter Tino na Mbwana Samatta nani mshambuliaji bora wa Taifa Stars. Nianzie Ndola, Zambia.

Agosti 1979 Vita vya Kagera ndiyo kwanza vimekwisha, tumeambiwa tufunge mkanda miezi 18, na mawe ya redio hayaonekani madukani. Babu yako alikuwa akiyaanika juani yapate nguvu. Dar es Salaam tulishawafunga Zambia 1-0, kwao sare ingetutosha. Wakatangulia wao. Muda ukayoyoma, mzee akanyanyuka, akazima redio: "Simalizi mawe kwa ajili ya msiba." Unamjua babu yako, nani angemwambia awashe? Basi bao la Tino la kusawazisha, lililotupeleka Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) kule Lagos, mimi sikulisikia. Nilisikia kelele nyumba ya pili, na mjomba wako, enzi hizo goti zima, akiruka ua kwenda kuuliza. Hadi leo likitajwa nacheka, kisha nakasirika.

Mshambuliaji hupimwa kwa bao lililohitajika. Nimekwambia tangu hujaota meno. Lakini huko Lagos 1980 tulifungwa 3-1 na Nigeria, 2-1 na Misri, tukatoka 1-1 na Ivory Coast, na wafungaji wetu ni Juma Mkambi mara moja, Thuwein Ally mara mbili. Thuwein naye tumweke wapi? Na Samatta kafunga Anfield, kafunga Wembley, viwanja vya Uingereza ambavyo kina Tino waliviona kwenye magazeti tu. Alikuwemo pia 2019 tulipoichapa Uganda 3-0, tukarudi AFCON baada ya miaka 39. Hilo si dogo.

Ila bao lililohitajika, mwanangu! AFCON kule San Pedro, Ivory Coast, Januari 2024, Simon Msuva katufungia mapema, Zambia wamebaki wachezaji kumi, nikasema leo tunashinda mechi ya kwanza AFCON. Dakika ya 88 wakarudisha. Zambia hao hao. Nikajua Ndola imelipwa, na riba juu.

Ulimi unaniwasha, lakini jina sitaji. Nikisema Tino utasema mama kazeeka, nikisema Samatta mjomba wako hatakanyaga kwangu Idi hii, na mbuzi nimeshamlipia.

Mama yako