Kebo ikikubali kwenye mashine nyingine, usiiamini bado

Jioni moja ya mvua dada mmoja mwanafunzi aliingia kwenye kibanda chetu cha kuchapa na fotokopi pale Kadutu, Bukavu, laptopu mpya ameificha ndani ya koti. "Yaya, nisaidie waya wa mtandao, TFE yangu, kazi ya mwisho wa masomo, inatakiwa ifike kwa profesa leo leo." Wi-Fi ilikuwa imeelemewa na watu, nikampa kebo. Taa ya kwenye tundu ikawaka kijani, ikazima. Ikawaka, ikazima.

Nikachomoa kebo ileile na kuichomeka kwenye mashine yetu ya zamani. Intaneti ikaja papo hapo. Nikahukumu kwamba kebo ni nzima, ugonjwa uko kwenye laptopu. Nikafuta draiva, yaani programu inayoendesha kadi ya mtandao, nikairudisha, nikazima na kuwasha. Karibu saa mbili za yule dada zilipotea hivyo, na bado zinaniuma.

Ndani ya kebo mna nyaya nane, zimesokotwa mbili mbili. Mashine ya zamani inayokwenda kwa megabiti 100 kwa sekunde hutumia nne tu: wa 1, wa 2, wa 3 na wa 6. Laptopu mpya ikikutana na swichi mpya, kile kisanduku kinachogawa mtandao kwa kebo, zote mbili zinataka gigabiti 1, na hiyo inadai nyaya zote nane. Sasa, kupatana juu ya kasi kunafanyika kwenye zile nyaya nne za kwanza, ambazo ni nzima. Zinapatana vizuri kabisa, kisha zikianza kazi, waya mmoja haupo. Zinaachana, zinaanza upya. Ndiyo ile taa ya kuwaka na kuzima. Kadi nyingine hushuka zenyewe hadi 100, na hapo utalalamika tu kwamba mtandao ni mzito.

Kebo yetu ilikuwa inapita chini ya mlango wa chuma. Nilipoipapasa kwa vidole nikakuta mahali pamebonyea, bapa kama utepe. Nikachana ganda kwa wembe: waya wa 7, mweupe wenye mstari wa kahawia, umekatika, shaba yake imechomoza kama unywele. Nikakata kipande chote kibovu, nikabana kichwa kipya. Taa ikatulia, TFE ikaenda. Kusokota waya na kuufunga gundi ya plastiki sikushauri, utakusumbua tena.

Kwa hiyo anza na kebo nyingine, fupi, unayoijua, ukiwa umekaa karibu kabisa na swichi. Huna nyingine? Ingia kwenye mipangilio ya kadi ya mtandao, sehemu ya kasi, chagua megabiti 100. Taa ikitulia, mara nyingi kebo ndiyo mgonjwa. Hicho ni kipimo tu. Ukishamaliza irudishe kwenye kuchagua yenyewe, maana kuiacha hivyo kunaweza kuleta uzito mwingine.

Taa ikiwa imetulia na mtandao hauji, andika ipconfig kwenye dirisha jeusi la amri. Tafuta anwani ya IP, namba ya mashine yako kwenye mtandao. Ikianza na 169.254, mashine iliomba anwani na hakuna aliyeijibu, ikajipa yenyewe. Zima modemu, iwashe, jaribu tena. Anwani ikiwa nyingine lakini namba zake za mwanzo hazilingani na za wenzako, angalia kama kuna mtu aliiandika kwa mkono. Laptopu zilizotoka ofisini mara nyingi ziko hivyo. Anwani ikiwa haina kasoro, andika ping 8.8.8.8, yaani kuita kompyuta ya Google iliyoko kwenye intaneti. Likija jibu na kurasa bado hazifunguki, tatizo ni DNS, ile inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba.

Halafu radi. Kabare, hapo jirani yetu tu, ni kati ya sehemu zinazopigwa na radi nyingi zaidi duniani, na kebo ndefu iliyorushwa kutoka paa hadi paa hubeba mshtuko wake hadi kwenye tundu. Tundu likiungua, draiva haitalifufua; nunua adapta ya USB yenye tundu la mtandao, uendelee na kazi. Mimi mawingu yakianza kujaa upande wa Kabare nachomoa kebo zote, hata mteja akinung'unika, na ile ya mlangoni siku hizi inapita juu, imepigiliwa kwenye ubao.