Asidi za kuchubua ngozi: usisome asilimia peke yake

Anayeanza kazi hii akipewa chupa mbili za asidi ya glaikoliki, moja ya asilimia 50 na nyingine ya 30, atadhani ya kwanza ndiyo kali. Angalia kwanza pH, yaani kipimo cha uasidi: ikiwa ndogo, asidi ni kali zaidi. Kwenye pH 3.8 karibu nusu ya asidi hiyo imeshageuka chumvi, na nusu iliyobaki ndiyo inayochubua. Kwenye pH 2.5 zaidi ya tisa ya kumi iko huru. Ndiyo maana ile ya 30 yenye pH 2.5 inaweza kumuunguza mteja kuliko ya 50 yenye pH 3.8. Chupa ya saluni isiyotaja pH usiinunue, hata ikiwa ya bei poa.

Ukikuta hidroksaidi ya sodiamu kwenye orodha ya viambato usishtuke, maana huwekwa kupandisha pH na kutuliza asidi. Cha kutilia shaka ni asidi iliyoandikwa chini ya manukato. Viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi, kwa hiyo hapo umeuziwa jina tu.

Glaikoliki ina molekuli ndogo kuliko asidi zote za kundi lake, hivyo huzama upesi, na mara nyingi bila usawa: pembe za pua na midomo huungua kabla ya mashavu. Paka vaselini sehemu hizo mapema. Haijizimi yenyewe. Andaa bikaboneti ya sodiamu, gramu 10 katika maji yatakayotimia mililita 100, kabla hujafungua asidi. Ukiipaka itatoa povu. Povu likikoma, asidi imezimika, kisha suuza. Kwa ngozi nyeusi anza na 20 hadi 30, dakika moja au mbili. Mandeliki, yenye molekuli kubwa mara mbili, huingia taratibu na ndiyo tunayompa anayejifunza.

Salisiliki ni habari nyingine. Hupenda mafuta, kwa hiyo huingia kwenye vinyweleo na kufaa chunusi. Ya 20 au 30 huyeyushwa katika spiriti. Spiriti ikiruka, unga mweupe hubaki usoni. Wengi hudhani ngozi imeungua, kumbe ni fuwele tu, na maji huziondoa. Funga chupa kila mara, kwa sababu spiriti ikipungua dawa inazidi kuwa kali. Mwenye mzio wa aspirini au mjamzito asipakwe. Usipake mgongo, kifua na mikono vyote siku hiyo hiyo: ikiingia nyingi mwilini, masikio huvuma na kichefuchefu hufuata.

Weupe wa TCA (asidi ya trikloroasetiki), kinyume chake, ni protini za ngozi zilizoganda. Bikaboneti haiurudishi nyuma. Kila tabaka unaloongeza huzama zaidi, kwa hiyo tabaka tatu za 15 si 15 tena. Mwachie daktari wa ngozi. Fenoli, dawa ya kuchubua kwa kina, isiguswe kabisa saluni, kwani huvuruga mapigo ya moyo na hutumika penye mashine ya kuyafuatilia.

Swali ambalo wateja hulikwepa ni la mkorogo. Krimu nyingi za kung'arisha zina steroidi, kama klobetasoli, ambayo hukondesha ngozi. Asidi ya juujuu hapo hugeuka ya kina. Usiulize "unatumia mkorogo?", atakataa. Mwambie alete kila kopo analopaka, usome mwenyewe. Retinoli, yaani vitamini A ya kupaka, nayo iachwe wiki moja kabla, na aliyemeza karibuni vidonge vya chunusi vya isotretinoini amuulize daktari wake kwanza.

Jaribu nyuma ya sikio, kisha subiri wiki mbili. Siku mbili mara nyingi hutosha kuonyesha mzio, lakini alama nyeusi huchelewa kutokea, na kwa ngozi zetu hiyo ndiyo hasara inayowarudisha wateja wakiwa na hasira.