Geji ya simtanki kwa XML
Mkuu, kuchora geji ya nusu duara ya maji ya simtanki la lita 5000, data ikitoka kwenye XML (faili la maandishi linalopanga data kwa lebo), mbona kazi ndogo tu. Kwenye faili weka thamani ya sasa hivi na mipaka ya rangi: nyekundu 0 hadi 1000, njano 1000 hadi 2500, kijani 2500 hadi 5000. Mipaka igusane hivyo hivyo, usianze njano na 1001 maana ikija 1000.5 itakosa rangi, we amua tu namba ya mpakani inahesabiwa rangi ya juu.

Mshale sasa, chukua thamani toa kima cha chini, gawa kwa tofauti ya juu na chini, zidisha 180, hizo ndo digrii, yani lita 1250 inakupa 45 kuanzia kushoto. Vipande vya rangi navyo hesabu ile ile. Chora kwa SVG (michoro inayoandikwa kwa kodi ndani ya ukurasa wa wavuti), laibrari nzima ya kodi za watu ya nini.

Kinachosumbua wengi ni kwamba XML ukiisoma kila kitu kinakuja kama maandishi, sio namba, so 900 inaonekana kubwa kuliko 5000 kwa vile 9 imeizidi 5 😅 igeuze namba kwanza. Na usifungue ukurasa kwa kubofya faili mara mbili, brauza inaweza kugoma kusoma XML yako, washa seva ndogo (programu ya kuipa brauza mafaili) hapo hapo kwenye laptop.

Ila kama maji kwenu huko Kimara ni ya mgao, nyekundu ipandishe hata ifike 2000.