Kwa dizaina anayeogopa akili mnemba: kaa karibu na mtambo wa kuchapa

Mkuu, umeuliza mambo matatu: uache ugrafiki kwa sababu wateja sasa wanajitengenezea nembo kwa akili mnemba? Ukibaki ujifunze nini? Na ununue kompyuta yenye nguvu zaidi?

Usiache. Ila kuna kazi ambazo ni bora uagane nazo mapema: flaya ya ofa ya siku moja, kadi ya mchango ya kurusha WhatsApp, picha ya "Jumatatu njema" ya ukurasa wa duka. Mteja anazipata kwa simu yake na zinamtosha. Ukizigombania kwa kushusha bei utachoka bure.

Kazi yenye uhai inaanzia pale picha inapotakiwa iwe kitu cha kushikika: stika, fulana, bango, kifungashio, kanga. Chukua hiyo hiyo nembo iliyokutisha. Kwa kawaida mteja anakuja na picha ya pikseli 1024 kwa 1024. Kwa uchapaji wa pikseli 300 kwa inchi, hiyo ni sentimita 8.7 tu. Ukiivuta ijae bango la mita 3, zinabaki pikseli 9 hivi kwa kila inchi, na kingo zote zinakuwa ukungu.

Wengi hapo hukimbilia kitufe cha kugeuza picha kuwa vekta, yaani mchoro wa mistari na nukta unaokuzwa bila kupata ukungu. Ndipo mambo yanapoharibika. Duara linalohitaji nukta 4 linatoka na nukta nyingi kupita kiasi, mistari inakuwa na vishimo, kisu cha plota (mashine ya kukata stika) kinatikisika kila kinapofuata vishimo hivyo, na wakati wa kubandua mabaki ya stika kona ndogo zinang'oka nazo. Dawa yake ni ya mkono. Weka ile picha kwenye leya ya chini, ifunge, kisha chora upya juu yake kwa kalamu ya Illustrator, CorelDRAW au Inkscape, ambayo ni ya bure. Nukta zikae pale mpindo unapofika juu kabisa, chini kabisa, kushoto kabisa na kulia kabisa. Futa maandishi yote yaliyotoka kwenye akili mnemba (hapa naiita mashine) na uyaandike upya kwa fonti halisi, kwa sababu mashine inaweza kuruka herufi, hata king'ong'o cha "ng'".

Ukimaliza, ichape kwa nyeusi tupu. Kisha ipunguze hadi upana wa milimita 15. Ikiwa haitambuliki katika hali hizo mbili, haijawa nembo bado. Angalia pia rangi zinazofifia kutoka moja kwenda nyingine, maana mashine inazipenda sana. Fulana za skrini zinataka skrini moja kwa kila rangi, na mfifio unadai kugawanywa kuwa vidoto vidogo vya wino, kwa hiyo gharama inapanda na usafi unashuka. Kwenye kudarizi, herufi fupi kuliko milimita 5 zinageuka uvimbe wa nyuzi. Mteja haambiwi haya na mashine. Wewe ndiye wa kumwambia, kabla hajalipia fulana 200.

Rangi zina adhabu yake. Picha ya mashine iko kwenye RGB, yaani mwanga mwekundu, kijani na bluu wa kioo; mtambo unachapa CMYK, yaani wino wa sayani (bluu-kijani), majenta (waridi iliyokolea), njano na nyeusi (K). Bluu inayong'aa kwenye kioo inatoka zambarau kwenye karatasi kwa sababu majenta imekaribia sayani. Majenta iwe chini ya sayani kwa asilimia 30 au zaidi. Maandishi madogo yawe K asilimia 100 peke yake. Ukiyaacha na wino zote nne, karatasi ikisogea kidogo tu yanapata kivuli chekundu au cha bluu. Acha ziada ya milimita 3 kila upande kwa ajili ya kisu, na maandishi yawe ndani milimita 5 kutoka ukingoni. Hapa akili mnemba inasaidia kweli: picha ya mteja ikiwa imekatwa hadi ukingoni, tumia Photoshop kuongezea hizo milimita 3 za anga, ukuta au nyasi. Zamani hiyo ilikuwa nusu saa ya kukopi na kubandika.

Jambo la pili la kujifunza ni kuikagua picha kwa macho ya mwenyeji. Hili nalithamini kuliko programu yoyote. Ukiomba daladala kituoni, huenda ukaletewa gari lenye usukani kushoto na mlango upande wa kulia, yaani abiria wanateremkia katikati ya barabara. Kwetu magari yanapita kushoto. Mtu akiona bango hilo anajua kuna kasoro hata kama hawezi kuitaja.

Kanga ni mtihani mkubwa zaidi. Kanga ina pindo, mji (sehemu ya katikati) na jina (maneno yake). Pindo linazunguka pande zote nne na lazima lipatane kwenye kona. Jina linakaa ndani ya kisanduku chake sehemu ya chini ya mji. Upana na urefu ni kama sentimita 110 kwa 150, na doti ni vipande viwili vinavyofanana. Mashine inakupa kitambaa kizuri chenye pindo lililovunjika konani na jina lisilosomeka. Mtu anayeweza kupanga pindo likageuka kona bila kuvunjika, akachagua rangi chache zinazochapika, na akajua kwamba jina la msiba halivaliwi harusini, huyo ana kazi.

Kuhusu haki: mwambie mteja kwa maandishi sehemu ipi imetoka kwenye mashine. Februari 2023 Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani iliamua kwamba picha zilizotengenezwa kwa Midjourney, zana ya akili mnemba, ndani ya kitabu kimoja cha katuni hazilindwi, ingawa maandishi na mpangilio wake vinalindwa. Sheria za kwetu ni nyingine, lakini mteja anayeuza nje litamgusa. Nembo pia husajiliwa kama alama ya biashara: Tanzania Bara ni BRELA, Zanzibar ni BPRA, Kenya ni KIPI. Kabla ya kumkabidhi, itafute hiyo nembo kwa picha mtandaoni, maana mashine hurudia maumbo yale yale ya jani, simba na mlima.

Bei igawe. Uchunguzi wa biashara ya mteja iwe bei yake, uchoraji bei yake, na maandalizi ya faili bei yake. Hivyo anayekuja na picha ya mashine unamtoza hatua ya mwisho tu, na hamgombani. Chukua nusu mbele, marekebisho yawe mawili. Faili mtumie kama dokyumenti, kwa sababu WhatsApp inaibana picha ikitumwa kama picha. Na kwenye mkusanyiko wa kazi zako, kila kazi iwe na michoro iliyokataliwa, sababu ya kukataliwa, na picha ya kitu kilichochapwa kikiwa mkononi mwa mtu.

Kompyuta: usikope. Zana nyingi za akili mnemba zinafanya kazi kwenye seva za mbali, kwa hiyo RAM ya GB 16 na SSD (diski ya kasi) zinakutosha. Hela inayobaki nenda nayo kwa mchapaji wako, mwombe karatasi ya A3 yenye visanduku vya sentimita 2 vya rangi, kila kimoja kimeandikwa asilimia zake za CMYK. Zinaingia zaidi ya 200. Chapa moja kwenye karatasi ya kung'aa na moja kwenye ya kawaida, kwa mtambo ule ule unaoutumia kila siku. Mteja akija, mwoneshe rangi kwenye karatasi hiyo. Kwenye kioo asichague.