Unataka mashine imchome panya sindano badala yako? Anza na mkia

Nyie mnaoanza kazi kwenye maabara za wanyama na tayari mmechoka kuwinda vena ya mkia (mshipa wa damu mnaochoma sindano ya dawa), najua mnachowaza, si watengeneze tu roboti tupumzike. Zimeshatengenezwa bana. Watu wa chuo cha UCLA Marekani 2015 walichapisha mashine ya kuchoma panya wadogo (mouse), kamera inatafuta vena, alafu kihisi cha presha kinasaidia kujua kama sindano imeingia. Chuo cha Rutgers nao wana roboti ya kutoa damu, 2020 wakaijaribu kwa watu 31 ikafanikiwa asilimia 87. Na hao ni binadamu, wana mkono mzima wa kuchagua pa kuchoma.

Sasa angalia mkia wa panya. Sindano ya geji 30 unene wake wa nje ni kama milimita 0.3, na vena ya pembeni hata ikitanuka vizuri inacheza humo humo. Kwa hiyo mashine haina nafasi ya kukosea, na asilimia kubwa ya kazi inaamuliwa kabla sindano haijagusa ngozi. Panya akiwa na baridi mishipa inabana, hapo hata uwe na kamera ya bei gani hutaona kitu cha maana. Mpashe joto kwanza, kiboksi chenye joto au mkia kwenye maji ya uvuguvugu, na pima kwa themometa usikadirie kwa kidole, maana ukizidisha unamuunguza. Kama amelazwa kwa isoflureni (dawa ya usingizi ya kuvuta) ndo usimwache kabisa bila joto, akilala tu mwili unapoa haraka. Alafu zungusha mkia robo duara ili vena ya pembeni iwe juu, ateri iko upande wa chini hiyo achana nayo.

Kwa kuona, infraredi ya nanomita 850 inafanya kazi vizuri sana, damu inaila mwanga zaidi ya nyama ya pembeni so vena inatokea kama mstari mweusi. Hata wale panya weusi wa aina ya C57BL/6 ambao kwa macho mkia wao ni mateso. Kamera ya kawaida ya kompyuta inatosha kuanzia ila ndani ina kichujio kinachozuia infraredi, usipokitoa utakaa unalaumu taa bure.

Ushauri wangu, usikimbilie roboti nzima. Kuchoma fanya kwa mkono huku unaangalia skrini, kusukuma dawa waachie pampu ya sirinji. Spidi inakuwa moja kwa panya wote, na kwangu hapo ndo faida kubwa ilipo.

Lakini ukishaleta pampu umeleta mpira wa kupitisha dawa toka sirinji hadi sindano, na wageni wengi hawaupigii hesabu. Panya wa gramu 20 ukimpa 5 ml kwa kilo anapata 0.1 ml tu. Mpira wa nusu mita wenye tundu la nusu milimita unabeba karibu 0.1 ml hiyo hiyo! Yaani unabonyeza start, pampu inasema imemaliza, dozi yote imelala kwenye mpira na panya kapata salaini uliyojazia mwanzoni. Kata mpira uwe mfupi, ujaze dawa hadi kwenye ncha, hewa itoke yote, au umalizie kwa kusukuma na salaini ya ujazo unaoujua.

Kingine, pampu haina vidole. Mkono unasikia ugumu unaacha, pampu itasukuma tu hata kama dawa inaingia kwenye nyama. Weka kikomo cha presha ikipita isimame yenyewe, na mtu abaki anaangalia mkia, ukiona panavimba au panageuka peupe simamisha, toa, sogea juu kuelekea mwilini, ndo maana unaanza karibu na ncha ya mkia ili ubaki na pa kusogea. Wa PET (skani inayofuatilia dawa yenye mionzi mwilini) mna bahati, skani yenyewe inawaonyesha kiasi kilichobaki mkiani.

Na kutoka mkono kwenda pampu kamati ya maadili wengi wao wanahesabu ni kubadilisha protokoli (mpango wa utafiti waliouidhinisha), fomu ipelekeni kabla hamjaagiza vifaa, hao wanakaa kwa ratiba yao.