Muulize Fundi: Giaboksi inakufa kila mara

SWALI: Fundi shikamoo. Nina pikipiki ya motokrosi 125, tu-stroki, mwaka huu nimeshafungua giaboksi mara tatu, kila nikibadilisha gia ya pili baada ya wiki chache inaanza kuruka tena ukivuta mafuta, spea zenyewe bei mbaya, nimechoka kabisa. Halafu eksozi inatoa moshi mweupe hata injini ikishapata moto. Tatizo nini?

JIBU: Marahaba kijana. Huo moshi ndo umenipa jibu nusu. Kwenye tu-stroki oili ya kuchanganya na petroli haifiki kwenye giaboksi, giaboksi ina oili yake peke yake inayotumika na klachi, tena kidogo, haijai hata lita, sasa sili ya kranki (ule mpira unaozuia oili kwenye shafti kuu ya injini) upande wa klachi ikichoka injini inainyonya ile oili na kuichoma, chini hakuna tone linalodondoka ndo maana hushtuki, gia zinasagana kavu. Mwaga oili uipime kwenye chupa, ikiwa pungufu kuliko uliyoweka badilisha sili kwanza.

La pili, ulibadilisha gia moja tu? Meno ya pembeni yanayoing'ang'ania yako kwenye gia mwenzake, yakishakuwa mviringo gia mpya itaruka tu, na foki ya gia (ile ya ndani inayosukuma gia, siyo ya tairi la mbele) ikipinda hata kidogo haiingizi gia mpaka mwisho. Fundi wako aliiangalia foki kweli? Nina wasiwasi. Na cheni usiikaze kama gitaa bwana, inaua beringi ya shafti ya sproketi.