Singo au dabo nyuma kwa trela la tani 6?

Umeuliza kama pikapu ya singo nyuma, yaani tairi moja kila upande wa ekseli ya nyuma (dabo ni mawili kila upande), inatosha kwa trela la tani 6. Kuvuta itavuta, injini mara nyingi ni ileile. Kinachobana ni uzito unaoangukia ekseli ya nyuma. Trela linalofungwa ndani ya bodi, juu ya ekseli, huweka pale kama asilimia 20 ya uzito wake, yaani kilo 1,200, kabla hujapanda wewe, abiria na vifaa. Soma kibandiko kwenye fremu ya mlango wa dereva uone ekseli ya nyuma inaruhusiwa kubeba kilo ngapi, kisha uzito ulioandikwa ubavuni mwa tairi: singo zidisha kwa 2, dabo zidisha kwa 4, ukitumia ile namba ndogo ya dabo. Singo isipofika mzigo wote utakaoangukia ekseli ya nyuma, jibu umelipata.

Dabo pia haiyumbi sana upepo ukipiga ubavuni, na tairi likipasuka, pacha wake hukupa muda wa kuegesha. Usiendelee na safari, maana sasa linabeba mzigo wa mawili.

Kero yake ni tairi la ndani. Likipungua upepo huoni, la nje linazidiwa, yote mawili yanachemka. Pima kwa geji, kupiga teke hakusemi kitu. Chomoa mawe yaliyonasa katikati, usipange upande mmoja tairi jipya na lililolika, na ukishafunga magurudumu kaza nati tena baada ya kilomita 80 hivi.

Kama siku nyingi unatembea mtupu, kwenye matope na njia nyembamba, singo ni raha zaidi. Na unanunua matairi 4, si 6.